Chumba cha Kuamkia

"Kipofu na kompyuta wapi na wapi?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo siku moja tukianika nguo, yeye upande wake wa kamba, mimi upande wangu. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amemwona wifi yangu akitoka asubuhi na fimbo yake nyeupe, mkoba begani, viatu vimepigwa rangi, na mtu akamwambia kwamba mama yule anakwenda kazini, na kazi yenyewe ni ya kompyuta.

"Wewe una macho mawili," nilimjibu, "na redio unaisikiliza kwa masikio."

Akacheka mpaka vibanio vikamtoka mdomoni. Nikadhani nimemmaliza. Lakini mwaka ule ule kompyuta ikaanza kugoma, na swali lake likanirudia, kwa sababu niligundua kwamba upo wakati mmoja wa siku ambao mashine ile inataka macho kweli kweli. Ni pale inapoamka.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kwenye ubao wa simu wa hospitali kubwa, akiunganisha watu na madaktari, na mpaka leo wengi wanamwita Mama Simu. Kisha sukari ikamla macho. La kushoto lilitangulia, na la kulia likafuata kabla mwaka haujaisha. Mume wangu alipofariki tukajikuta wanawake wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja anamficha mwenzake machozi. Yeye hakuniona nikilia, ila alinisikia. Mimi sikumsikia, ila nilimwona.

Hakukubali kukaa kitako. Alijifunza kuandika kwa kompyuta inayosema, na shule ya watoto wasioona iliyo jirani na kwetu ikamchukua. Kazi yake ni kuchapa vitabu vya darasani ndani ya mashine, kisha mtambo ulio pembeni unavigonga kwa nukta nundu kwenye karatasi ngumu, kwa kelele kama mvua ya mawe juu ya bati. Watoto thelathini na mmoja wanasoma kwa vidole kazi ya mikono yake. Chumba chenyewe ni kidogo, zamani kilikuwa stoo ya chaki. Dirisha moja, meza mbili, na feni ya dari inayokwaruza kama mkokoteni mbovu. Mimi nafagia ofisi za shule hiyo hiyo, kwa hiyo tulikuwa tunakwenda pamoja na kurudi pamoja.

Kompyuta ile inatumia Linux, mfumo unaotolewa bure. Aliyeusimika ni fundi mmoja mwenye watoto mapacha na pikipiki isiyo na taa, ambaye sote tunamwita Dakika Mbili. Ukimwita kwa kazi yoyote atakwambia, "Hiyo? Dakika mbili tu." Aliiwekea sauti inayosoma kila kilichomo kwenye kioo. Ni sauti ya kiume, ya puani, na wifi aliibatiza Bwana Mafua. Asubuhi unabonyeza kitufe, unangoja kidogo, Bwana Mafua anasema "Karibu," na wifi anavuta kiti.

Sasa asubuhi moja, ilikuwa Jumatano, alibonyeza, tukangoja, na Bwana Mafua hakusema neno.

"Wifi," aliniita, "njoo uniangalizie. Amekufa huyu?"

Niliacha ufagio, nikainama kwenye kioo. Kilikuwa cheusi, kina mistari ya herufi nyeupe. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, na Kiingereza changu ni cha kusomea maboksi ya dawa. Tukampigia Dakika Mbili, nami nikamsomea herufi moja moja, kama mtoto anayesimamishwa mbele ya ubao.

"Basi, mama, basi, nimeelewa," alisema. "Kiini kipya cha mfumo hakisomeki. Rudi nyuma, utaona orodha. Shuka mstari wa pili, kile kiini cha zamani, bonyeza kitufe kikubwa."

Nikafanya hivyo. Baada ya muda Bwana Mafua akasema "Karibu," kana kwamba hakuna lililotokea. Kilichonishangaza ni kwamba kesho yake mashine iliamka yenyewe, kwa kiini kile kile kipya ambacho jana hakikusomeka. Ilipona bila dawa.

Baada ya wiki tatu ikarudia. Ikapona. Ikarudia tena. Kila mara Dakika Mbili alipokuja na pikipiki yake alikuta mgonjwa amesimama, anacheka.

Haya yote yangekuwa kero tu, kama siyo binti yangu. Anaishi mbali, safari ya basi ya siku mbili, na alikuwa na mimba yake ya kwanza. Daktari alimwambia alale, asiinue hata ndoo. Akanipigia, akajikaza, akauliza habari za kuku, za jirani, za mvua, mwisho akasema, "Mama, utakuja?" Nikamwambia nitakuja, na nitakaa miezi mitatu.

Nilipokwenda kuomba ruhusa, mwalimu mkuu alinikubalia bila shida. Kisha akavua miwani, akaifuta, na nikajua kwamba kuna lingine.

"Mama, mimi sina ubaya na mtu," alisema. "Mama Simu ni mchapakazi. Lakini ile mashine ikigoma, ni wewe unayemsomea kioo. Ukiondoka, nani atamsomea? Walimu wangu nusu hawaoni kama yeye, na wanaoona wako darasani. Watoto hawawezi kukaa bila vitabu. Kama haitaamka yenyewe mpaka siku unayosafiri, itabidi niombe mtu mwingine wa chumba kile. Mwenye macho."

Nilirudi kwa wifi nikamweleza neno kwa neno, maana hana tabia ya kupenda kufunikwafunikwa. Alikuwa akipanga karatasi. Akaendelea kuzipanga.

"Una siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Mwite Dakika Mbili," akasema. "Mwambie aje na dakika zake zote."

Alikuja siku ile ile mchana. Alikaa kwenye kiti cha wifi, akagongagonga, akatikisa kichwa. Mashine ilikuwa nzima kabisa.

"Mimi nataka unieleze inavyoamka," wifi alimwambia. "Polepole. Nifanye mjinga."

"Mama Simu, diski ni kama nyumba. Hii nimeigawa vyumba viwili. Kikubwa kina vitabu vyako, sauti, kila kitu. Kidogo, hiki cha mlangoni, ni cha kuamkia. Humo kinakaa kiini cha mfumo. Ukibonyeza kitufe, kuna kajamaa kadogo, tukaite mwamshaji, kanaingia chumba kidogo, kanatafuta kiini, kanakiamsha. Kiini kikishaamka, chenyewe ndicho kinafungua chumba kikubwa. Mwamshaji kazi yake imekwisha."

"Na humo chumbani vitu vimepangwaje?"

Dakika Mbili akanyoosha mgongo. "Hapo ndipo nilipowafanyia kazi ya kiume. Kila chumba kinataka mpango wa kupangia mafaili. Iko mingi. Mimi nimewawekea XFS, vyumba vyote viwili. Ndiyo wanayotumia wakubwa, wenye mashine za kujaza ukumbi mzima."

"Kazi ya kiume," wifi akasema, "ndiyo hii inayolala fofofo?"

Nilitazama dirishani nisicheke mbele ya mgeni.

"Kosa si la mpango wa mafaili!" Dakika Mbili alikuja juu. "Hebu niambieni, jioni mnaizima kwanza, au mnakata tu umeme ukutani?"

"Tunaizima," wifi akajibu. Na ni kweli.

"Basi ni umeme wa hapa. Umeme mchafu. Leteni kisanduku cha kuuchuja."

Mwalimu mkuu alisema kisanduku kitaingia kwenye mahitaji ya mwaka ujao. Mwaka ujao! Mimi nilibaki na siku kumi na tisa.

Tangu mume wangu afariki nina daftari. Mwanzoni siku zilikuwa zinanipotea, naamka sijui kama ni Jumatatu au ni Ijumaa, nikaona niwe naandika mstari mmoja kila siku ili Mungu asinikute nimepoteza hesabu ya siku alizonipa. "Leo mvua. Leo wifi kikohozi. Leo nimemwota marehemu anarekebisha swichi." Jumapili ile, baada ya ibada, nilikaa kibarazani nikalifungua kutoka mwaka ulipoanza, nikapigia mstari kila siku niliyoandika "kompyuta imekataa". Zilikuwa nne. Zote nne ni Jumatano.

Nikamuuliza wifi, aliyekuwa anachambua mchele kwa vidole vizuri kuliko mimi ninavyouchambua kwa macho, "Jumanne kuna nini?"

"Jumanne ndiyo siku ya masasisho," akasema. "Mashine inajivutia vitu vipya kutoka kwenye mtandao. Jioni Bwana Mafua anasema yamekamilika, nami naizima. Lakini si kila Jumanne inaharibika."

"Si kila Jumanne. Ila haijaharibika siku nyingine."

Akaacha mchele.

Jumanne iliyofuata nilimaliza kufagia mapema, nikasimama karibu na ukuta, mahali ninaposimama kila siku. Lazima nieleze hapo. Mume wangu alikuwa fundi umeme, na maisha yake yote alinifundisha kwamba umeme hauachwi peke yake chumbani, kama mtoto mchanga. Kwa hiyo kazi ya mwisho kila jioni ilikuwa yangu: kubonyeza swichi kubwa ya ukutani inayokata kila kitu, mashine, mtambo na feni. Ni jambo nililolifanya kwa moyo safi. Kila nikisikia ile swichi ikisema *ta*, nilikuwa namwona ananitikisia kichwa.

Bwana Mafua akasema, "Masasisho yamekamilika." Wifi akampa amri ya kuzima. Bwana Mafua akasema, "Kwaheri," akanyamaza. Ikabaki feni tu na kukwaruza kwake.

"Amelala," wifi akasema, kama kila siku. "Kata."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya swichi. Siku ile sikubonyeza. Nilitazama kisanduku cha mashine chini ya meza. Kina kataa kadogo kekundu, na kataa kale kalikuwa kanapepesa, harakaharaka, kama kope za mtu anayejifanya amelala.

Nikaanza kuhesabu moyoni. Kumi. Ishirini. Kataa kanapepesa. Thelathini. Nilipofika thelathini na nane kakazimika, na kioo kikafa.

"Wifi? Mbona hukati?"

Nikakata. *Ta*. Na kwa mara ya kwanza sauti ile ilinichoma.

Kumbe sauti ndiyo inayotangulia kulala, mashine inabaki kazini. Mwenye macho angeona kataa, lakini mwenye macho alikuwa ameelekea ukutani. Mwenye masikio angesikia mashine ikipumua, lakini feni ilikuwa inakwaruza. Kati yetu wawili tulikuwa na kila kitu kinachotakiwa, na bado tulikuwa tunamzimia taa mtu kijiko kikiwa mdomoni.

Nitasema ukweli, maana nikiandika uongo nitauandika mbele ya nani? Wazo la kwanza lililonijia ni kunyamaza. Dakika Mbili ameshasema ni umeme. Mimi nianze tu kungoja kataa kazimike, mashine ipone, nisafiri, na hakuna atakayejua kwamba mgonjwa alikuwa anaumizwa na muuguzi. Tulifunga mlango, tukatoka, mkono wake kwenye kiwiko changu. Tulipofika penye duka la vioo nikaona uso wangu umo dirishani, na uso wa wifi pembeni yake, umetulia, unaniamini. Nikajiuliza: nikiwa mbali, nani atakayesimama pale ukutani? Atakuwa mtu mwingine, na ataambiwa "Amelala, kata," naye atakata.

"Wifi," nikasema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Nikamweleza yote hapo hapo, watu wakitupita. Alisimama. Akaiegemea fimbo kwa mikono miwili.

"Mkono ni wako," akasema, "lakini amri ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyesema amelala." Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Macho yaliponiacha nilisema: haya, masikio ninayo. Miaka ishirini na miwili masikio haya hayajawahi kunidanganya. Kumbe nayo yanaweza."

Nilimshika mkono tukaenda. Karibu na nyumbani akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Umeme mchafu," akasema. "Kumbe wachafu ni sisi."

Kesho yake mashine iliamka. Iliamka safi, kwa sababu jana yake nilikuwa nimeingoja. Tukampigia Dakika Mbili. Alipofika na kusikia habari alipiga makofi.

"Si mmeona? Mfumo wangu hauna kosa! Mkishazima, hesabuni mpaka sitini ndipo mkate. Kazi imekwisha. Hata dakika mbili hazikufika!"

Mimi nilipumua. Nilidhani kweli imekwisha. Lakini wifi alikuwa amekaa wima kama alivyokuwa akikaa kwenye ubao wake wa simu.

"Na umeme ukikatika wenyewe," akauliza, "nao tutauambia uhesabu mpaka sitini?"

Dakika Mbili akajikuna.

"Halafu nijibu hili. Tukikata, tunakata vyumba vyote viwili kwa mpigo. Vyote umevipanga kwa mpango mmoja. Kwa nini kikubwa hakijawahi kuumia, anaumia huyu mdogo tu?"

"Kwa sababu… ngoja. XFS, kabla haijaweka kitu kabatini, inaandika kwanza kwenye daftari lake la haraka: kitu fulani kiende rafu fulani. Baadaye ndipo inapanga kabati. Umeme ukikatika, daftari lipo. Mfumo ukiamka unasoma daftari, unamalizia kupanga, hakuna kilichopotea. Ndiyo uzuri wake, Mama Simu! Chumba kikubwa kinafunguliwa na mfumo wenyewe, na mfumo unajua kusoma daftari. Hiki kidogo kinafunguliwa na mwamshaji, na mwamshaji…"

Nilimwona akitazama ukuta mtupu.

"Na mwamshaji hajui kusoma daftari," wifi akamalizia.

"Hajui," Dakika Mbili akasema polepole. "Anatazama kabati tu. Jumanne ikileta kiini kipya, na haileti kila mara, kimo daftarini bado, hakijafika kabatini, anakuta rafu tupu. Nanyi mkiamshia kiini cha zamani, mfumo unafungua chumba, unasoma daftari, unapanga. Ndiyo maana kesho yake… Ndiyo maana kila nikija nakuta imepona!"

"Hospitali tulikuwa nayo hiyo," wifi akasema. "Zamu ya asubuhi inaandika maagizo kwenye daftari la mezani, zamu ya mchana wanamweka mgeni asiyejua kama kuna daftari. Kosa si lake. Wewe usimwachie daftari mtu asiyelisoma. Mwekee kila kitu mahali pake kabla hujaondoka. Hakuna mpango wa mafaili usio na daftari?"

"Upo. Unaitwa ext2." Alilitamka kama mtu anayetaja shati la babu yake. "Lakini Mama Simu, hiyo ni ya kizamani! Wenzangu wakisikia nimesimika ext2 miaka hii watanicheka mpaka nihame."

"Mimi nami ni wa kizamani, na kila siku naamka."

"Haina kinga! Umeme ukikatika katikati ya kuandika, itabidi ikague rafu zote moja moja."

"Chumba kina rafu ngapi?"

Dakika Mbili akatazama kioo. "Chache," akakiri. "Ukaguzi wake ni sekunde tatu, nne."

"Na kiini cha zamani si kinabaki rafuni kwake?"

"Kinabaki. Na mwamshaji naweza kumwambia kwamba cha kwanza kikimshinda, ashuke mwenyewe kwenye cha pili, asingoje mtu." Sasa alikuwa amesahau kubisha, vidole vinamwasha. "Na chumba nakifunga kabisa, kisomwe tu, kisiandikwe. Kifunguliwe Jumanne peke yake, kiini kiwekwe, nihakikishe kimekaa kabatini, kifungwe. Hapo ndipo Bwana Mafua aseme yamekamilika. Kabla ya hapo asifungue mdomo."

"Na chumba kikubwa?"

"Kikubwa kibaki na XFS yake. Kinajua kujiangalia."

"Basi."

Dakika Mbili aligeuka akanitazama mimi, kana kwamba nitamtetea. "Mama, unamwona wifi yako?"

"Namwona kila siku," nikasema. "Fanya anavyokwambia."

Kazi ile haikuchukua dakika mbili. Ilichukua mchana wote na chai mbili. Alinakili kwanza kila kilichomo, akakifuta chumba kidogo, akakipanga upya, akamfundisha mwamshaji mahali pa kutazama. Kwenye kazi hakupiga soga hata moja. Mara moja tu nilimsikia akijisemea, "Nilikuwa nawajengea kasri, wao wanataka mlango unaofunguka."

Siku mbili kabla ya safari yangu tulimwita mwalimu mkuu. Dakika Mbili alikuwa amepata kiini kipya cha kujaribia. Wifi akasema mimi nitoke nje, nisimame uani, nisionekane hata dirishani, ili mtu asije akasema macho yangu yamesaidia. Nikatoka. Nilisimama na mgongo wangu ukutani, nikaomba kwa maneno machache, kwa sababu Mungu alikuwa anajua jambo lenyewe kuliko mimi.

Kupitia dirishani nilimsikia Bwana Mafua akisema yamekamilika. Nikasikia "Kwaheri." Na kabla hajaifunga vizuri hiyo kwaheri, nikasikia *ta*. Wifi mwenyewe alikuwa amekwenda ukutani. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Kimya.

*Ta*. Feni ikaanza kukwaruza. Akabonyeza kitufe cha mashine.

Nilihesabu. Nilipita kumi, nikapita ishirini. Nikafikiria uso wa binti yangu. Nikapita thelathini.

"Karibu," akasema Bwana Mafua, kwa pua yake ile.

"Tena," mwalimu mkuu akasema.

Wakafanya tena. Safari hii wifi hakungoja hata kwaheri, alikata Bwana Mafua akiwa katikati ya neno. Nilimsikia Dakika Mbili akiguna kama mtu aliyekanyagwa. Mashine ilikaa kimya kuliko mara ya kwanza, nadhani ilikuwa inakagua rafu zake, kisha: "Karibu."

"Tena," alisema mwalimu mkuu.

"Mwalimu, unataka tuiue?" Dakika Mbili alilalamika.

"Tena, bwana!"

Mara ya tatu nilisikia "Karibu" na papo hapo wifi akasema, "Mwalimu, kitabu cha hesabu cha darasa la nne nimefika ukurasa wa tisini. Ukitaka kuendelea kucheza na swichi, itabidi wanafunzi wangoje."

Mwalimu mkuu alitoka nje, akanikuta nimesimama. Akavua miwani, akaifuta, na safari hii hapakuwa na lingine.

"Msalimie binti," akasema. "Nenda salama."

Siku ya safari basi langu lilikuwa la saa nne. Wifi alikuwa anaingia kazini saa moja na nusu. Nilikuwa nimemtembeza njia mara sita wiki ile, yeye mbele, mimi nyuma nimeziba mdomo. Hatua mia nne na kumi mpaka geti, na yeye ndiye aliyezihesabu. Jirani alikuwa nje na kapu la nguo, akajifanya anatafuta vibanio, kumbe anatutazama.

"Unga uko kwenye ndoo ya bluu," nikasema. "Ya kushoto."

"Najua."

"Dawa zako nimezifunga kwa siku."

"Najua, wifi."

"Ukikwama na mashine nipigie."

"Nikikwama nikupigie ufanye nini?" akauliza. "Utachungulia kioo kwa kupitia simu?"

Nikacheka. Nikamwita, "Wifi…" nikashindwa kuendelea. Aliusikia ule ukimya. Najua aliusikia, kwa sababu alisogea, akanyoosha mkono, akaupapasa mfuko wa gauni langu mpaka akaupata ufunguo wa chumba cha kompyuta, wenye uzi mwekundu. Akautoa. Akaufunga ndani ya kiganja.

Kisha akaigonga fimbo chini mara moja, akageukia barabara, akaondoka.